Jumatatu na Ijumaa za Faraji

Ungewaambia watu wa Old Korogwe kwamba Faraji Semboja hapumziki, wangekubishia mpaka uondoke. Kila mmoja alikuwa na ushahidi wake. Majirani walimwona kila Ijumaa jembe lake limeegemezwa ukutani, kwa sababu kwa wakulima wa pale Ijumaa jembe halishikwi, ndivyo walivyolelewa na ndivyo wanavyowalea wanao. Wenzake wa klabu ya mchakamchaka kule mjini nao wangekuapia kwamba Jumatatu bwana huyu hakimbii. Jumatatu klabu nzima hupumzika, na Faraji ni mtu wa kufuata utaratibu.

Wote walisema kweli. Ila hawakuwahi kukutana wakalinganisha maneno. Ijumaa Faraji hakulima, kwa hiyo alikimbia, tena zile mbio ndefu za kuvuka mto na kupotelea barabara ya Handeni, akarudi jua limeshakuwa kali, akaoga na kuwahi msikitini. Jumatatu hakukimbia, kwa hiyo alilima, kuanzia alfajiri mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Siku zilizobaki alifanya yote mawili. Aliyelijua hilo ni mkewe, Munira, na huyo hakuna aliyemuuliza.

Mambo hayo yalianza baada ya kufiwa na mtoto wao, Yusra, ambaye alikuwa darasa la pili na ndiye pekee waliyekuwa naye. Yusra alishikwa na homa wakati baba yake yuko Mashewa, amekwenda kumsaidia dada yake kuezeka nyumba. Simu ya Faraji ilikuwa imezima, na huko kwa dada umeme ulikuwa haujafika. Alipofuatwa na kurudi alikuta mtoto ameshaoshwa na kuvishwa sanda, wanaume wamejaa uani wanamsubiri yeye tu. Kaburini alishuka mwenyewe, akampokea, akamlaza, akapanda juu. Hakulia. Watu wakamsifu, amejikaza, amejikaza kweli kweli. Faida ya kujikaza huko ni nini hakuna anayeijua, lakini sifa zake hutolewa bure kila msibani.

Mwenyewe hakuwa amejikaza hata kidogo. Alikuwa hasikii kitu. Alisubiri uchungu umjie kama alivyoambiwa huja, akausubiri kaburini, akausubiri siku zote za matanga, haukuja. Alikuwa kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi kwa daktari wa meno, anaugusa mdomo wake na kuuona ni wa mtu mwingine. Chakula alikula. Salamu alijibu. Akiulizwa habari alisema nzuri, akaiacha hapo.

Mmoja wa waliokuja kuhani alikuwa Aakash, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, ambaye Faraji alikuwa mteja wake tangu duka likiwa la baba yake Aakash. Aakash ndiye aliyeianzisha ile klabu ya mchakamchaka. Alikuwa mtu mwenye kitambi na moyo mzuri, na alisema alichokijua.

"Kaka Faraji, njoo tukimbie," alimwambia. "Mimi baba alipofariki, mbio ndizo zilizonisaidia. Kichwa kinapata nafasi."

Faraji akaenda. Akagundua kwamba mtu anayekimbia haulizwi anasikiaje. Hatakiwi kulia, hatakiwi kuongea, hatakiwi hata kufikiri. Anatakiwa kuweka mguu huu mbele ya ule. Hapo ile ganzi yake haikumsumbua mtu, hata yeye mwenyewe. Akapenda. Tuseme kweli, hakupenda, maana hakukuwa na kitu alichokipenda wakati ule, lakini alikwenda kila siku na hakuchelewa.

Aakash hakuwa mwalimu wa kubahatisha. Kila mgeni alipojiunga alimsimamisha mbele ya wenzake na kumpa somo lake lile lile.

"Mazoezi yanauchanachana mwili, jamani. Msije mkadhani yanaujenga. Siku ya kupumzika ndiyo mwili unakaa chini unashona. Mtu anayeunyima mwili siku ya kushona, huyo ataishia na matambara. Jumatatu nisimwone mtu barabarani!"

Watu walicheka, na Faraji naye alitikisa kichwa kukubali. Jumatatu hakuonekana barabarani. Alikuwa ng'ambo ya mto, shambani, kajikunja na jembe.

Sasa Munira. Yeye ndiye aliyekuwa na mtoto hospitali. Alikuwa peke yake kando ya kile kitanda, na aliyoyaona na kuyasikia siku ile aliyajua yeye tu. Mama yake alimsimulia kidogo, mashoga zake kidogo, lakini mtu aliyestahili kuyasikia yote alikuwa mmoja, naye hakukaa. Wiki ile matanga yalipoanuliwa alimwambia, "Faraji, keti nikusimulie ilivyokuwa." Faraji alikuwa anafunga kamba za raba. Akasema, "Nikirudi." Akarudi, akachukua jembe. Munira akajaribu tena Jumatatu moja, akamkuta ana jembe begani, akajibiwa, "Nikirudi." Mara ya tatu akasema amtegee Ijumaa, siku ambayo kila mume wa mtaa ule anaonekana barazani kwake anakuna mbavu. Alikuta mlango uko wazi na raba hazipo.

Faraji hakuwa mjinga wala katili. Alijua akiketi atasimuliwa. Na alikuwa na hofu moja ambayo hakuweza kuisema: kwamba atasimuliwa mpaka mwisho, mkewe atamtazama usoni, na atakuta hapana kitu. Baba asiyesikia lolote kwa mtoto wake! Bora aonekane mkimbiaji.

Munira akaacha kuuliza. Mvua za vuli zilipokaribia akafunga mzigo wake, akasema anakwenda Handeni kwa mama yake kupumzika. Majirani hawakuona ajabu, mwanamke aliyefiwa huenda kwao akapumzika. Stendi, gari likiwa limeshawashwa, ndipo alipomwambia mumewe neno lenyewe.

"Nitakuuliza mara moja tena, Faraji. Sitakupigia simu kukuuliza, nitasubiri siku nitakayokukuta umekaa. Siku hiyo ukiniambia 'nikirudi', basi mimi Old Korogwe sirudi."

"Nimesikia," Faraji akasema.

Na kweli alisikia, kwa masikio. Aliliangalia gari likitoka, akajiambia kwamba hili sasa lingepaswa kumuuma. Halikumuuma. Akaenda nyumbani akavaa raba.

Kilichoanza kumuuma ni mguu. Ulikuwa mfupa wa mbele, chini ya goti la kulia, sehemu ndogo ya kufunikwa na kidole gumba. Mwanzo uliuma akikimbia, baadaye akitembea, baadaye hata akiwa amelala. Mtu mwingine angeshtuka. Faraji alilala gizani anaubonyeza. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba kitu kumuuma, na hakuwa na haraka ya kukiponya.

Klabu za Handeni ziliandaa bonanza, wakaalikwa watu wa Korogwe, na Aakash akakodi Kosta. Asubuhi ya siku hiyo, watu wakipasha miili moto pale uwanja wa Chanika, hapo hapo Handeni, alimwona Faraji anakanyaga kwa kuiba.

"Mguu huo vipi, kaka?"

"Nimeulalia vibaya tu."

"Jumatatu ulipumzika?"

"Jumatatu sikukimbia."

Aakash akaridhika, maana hakuwa na sababu ya kuuliza zaidi. Wakaondoka na nyimbo zao. Handeni si tambarare kama kule kwao bondeni. Barabara inapanda na kushuka. Faraji alipanda kilima cha kwanza na cha pili. Alipokuwa anashuka cha tatu mguu ukakatika chini yake, hivyo tu, bila shimo wala jiwe, na bwana akaanguka ubavu kwenye lami mbele ya watu wote waliokuwa wanaimba.

Hospitali wakampiga picha, wakamfunga hogo, ile plasta nyeupe nzito, kuanzia vidole mpaka juu ya goti. Handeni si mji wa kuficha jambo. Kabla plasta haijakauka Munira alikuwa ameshafika, khanga moja kiunoni na nyingine kichwani, amesimama mlangoni. Hakusalimia. Daktari, kijana mpole mwenye miwani, alikuwa ameishikilia picha kwenye mwanga.

"Mfupa huu haukuvunjika leo, mzee wangu. Angalia hapa. Ulianza na ufa mdogo, ukataka kuziba, haukupewa nafasi. Wewe kwa wiki unapumzika siku ngapi?"

"Mbili," Faraji akasema. "Jumatatu sikimbii. Ijumaa silimi."

Daktari akatikisa kichwa, anashangaa. Siku mbili zilikuwa zinatosha.

"Muulize Jumatatu anafanya nini," Munira akasema kutoka mlangoni. "Ukimaliza, muulize Ijumaa anafanya nini."

Daktari akamuuliza. Faraji akajibu, kwa sababu hakuwa mtu wa kusema uongo. Alivyokuwa anajibu ndivyo alivyojisikia mwenyewe kwa mara ya kwanza, siku moja akiijaza kwa kazi ya siku nyingine, na Aakash aliyekuwa amekaa pembeni na koti la Faraji mapajani akainamisha uso.

"Nilikukataza barabara," Aakash akasema. "Sikukuuliza unakwenda wapi."

Daktari akatoa amri. Akae. Asikanyage, asibebe kitu, asisafiri mpaka atakapoambiwa. Na kwa kuwa Korogwe ni safari, na kwa Munira ni jirani na hospitali, Faraji akapelekwa ukweni.

Aliyewahi kuugua ukweni anajua. Hujui uite nani ukitaka maji. Mama mkwe wake, Bi Mwaija, kwa heshima ya ukwe hakuingia chumba alicholazwa. Alizungumza naye akiwa nje ya dirisha, uso ameugeuzia kwenye mhogo aliouanika. Baba mkwe, Mzee Mhina, yeye alifurahi kupata mtu wa kutaniana naye.

"Kwa hiyo mkwe, umetoka kwako mbio mpaka kwangu kumfuata mke," alisema. "Ungepanda gari tu, tungekupa."

Munira alimhudumia kama mgonjwa anavyohudumiwa. Alimletea maji ya kuoga na chakula, akamshika mkono kwenda uani. Maneno yalikuwa shika hapa, inua hapo. Faraji alingojea aulizwe. Hakuulizwa, na sababu yake ilikuwa wazi kwa mwenye macho: alikuwa bado hajakaa.

Maana mtu huyu, mguu umefungwa, aligundua kwamba mikono iko huru. Siku ya kwanza tu aliomba aletewe mahindi ya kupukuchua. Akapukuchua debe, akapukuchua gunia. Mahindi yalipokwisha akaomba kunde. Akasuka upya kitanda cha kamba cha mzee, akanoa mapanga, akashona kiti kilichochanika. Bi Mwaija alimsifu huko nje ya dirisha, mkwe gani huyu jamani, mgonjwa anafanya kazi kuliko wazima! Munira alikuwa anachukua maganda na kutoka nayo. Faraji aliona mgongo wake ukitoka mlangoni, akaelewa vizuri kabisa kinachoendelea, na mikono ikaendelea kupukuchua.

Ikaja Ijumaa. Alitolewa barazani kwenye mkeka, mguu juu ya mto, akaomba ungo na kunde zake.

"Leo Ijumaa, mkwe," Bi Mwaija akasema kutoka jikoni. "Hapa kwetu hata kunde hatushiki."

"Nitafanya polepole tu, mama."

"Ungo nimeufungia."

Mzee Mhina akaondoka na wenzake kwenda msikitini. Bi Mwaija akaenda kumjulia hali jirani aliyejifungua, na alivyoaga kwa sauti kubwa ungedhani anasafiri. Ua ukanyamaza. Faraji akaitazama mikono yake imekaa mapajani. Akatafuta kitu, uzi wa kung'oa kwenye mkeka, kisu, chochote. Hapakuwa na kitu. Moyo ukaanza kumwenda mbio, yeye aliyepanda vilima bila kuhema.

Munira akatoka na birika na vikombe. Akaketi mkekani upande wa mguu mzima, akamimina, akamsogezea chake. Hakumwangalia.

"Nikusimulie?"

Faraji akafungua mdomo. Lile neno lilikuwa pale pale kwenye ulimi, limezoea njia. Alijua likitoka huyu mwanamke atanyanyuka na vikombe vyake, atamhudumia mpaka hogo litakapokatwa, atampandisha gari la Korogwe, na yatakuwa yamekwisha. Na alijua pia kwamba akikubali ataonekana jinsi alivyo, mtupu. Akaona bora aonekane.

"Sisikii kitu, Munira," akasema. "Tangu siku ile. Nisije nikakuudhi. Utanisimulia na nitakuwa nakutazama hivi hivi."

Munira akageuka, akamtazama kwa mara ya kwanza tangu aletwe. Hakuonekana kushtuka.

"Mimi sikukuomba usikie uchungu," akasema. "Nilikuomba ukae."

"Nisimulie."

Akasimulia. Homa ilivyoanza jioni, mtoto akakataa ugali. Walivyopanda pikipiki usiku yeye akiwa amemkumbatia mbele. Dripu. Nesi mmoja mnene mwenye sauti nzuri. Faraji alisikiliza na hali yake ikawa ile ile aliyoiogopa. Maneno yalimpita kama habari za redio ya jirani. Akaona aibu, lakini akakaa.

"Asubuhi homa ikashuka," Munira akasema. "Nikajua amepona. Akaniomba chai. Nikamketisha nikampa kikombe, akakishika kwa mikono miwili, akaniambia, 'Mama, mimi baba.' Akanywa hivi."

Munira akachukua kikombe chake. Akainua mabega mpaka yakafika masikioni. Akafumba jicho moja, akafyonza chai kwa sauti ndefu, akaangalia mbali kama mtu mwenye mambo makubwa, akasema, "Ahaa," akapangusa mdomo kwa mgongo wa mkono.

"Nesi akacheka," akasema. "Mama mmoja wa kitanda cha pili akacheka mpaka akashika mbavu. Yusra alipoona tunacheka akarudia. Alirudia mpaka chai ikaisha. Mchana homa ikapanda tena, Faraji, na haikushuka."

Faraji alikuwa anakitazama kikombe mkononi mwake.

"Mimi nanywa hivyo?"

"Hivyo hivyo. Kila asubuhi. Unaniinulia mabega, unafumba jicho, unatoka zako kukimbia. Mimi nabaki pale na yeye. Ningemwambia nani?"

Ndipo ilipokuja. Haikuja kama alivyoingojea kaburini. Ilikuja kwa yale mabega madogo yaliyoinuliwa kitandani, kwa mtoto aliyekuwa amemtazama baba yake akinywa chai kwa makini namna ile, asubuhi ngapi, na yeye hajui kama anatazamwa. Ikamuuma kifuani na tumboni, ikamuuma kuliko mguu ulivyowahi kumuuma. Akalia kwa sauti, mwanaume mzima, mchana kweupe, ukweni, na hogo lake juu ya mto. Alilia mpaka kuku wakatawanyika uani. Munira hakumnyamazisha. Yeye mwenyewe machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa anacheka kidogo, maana alikuwa amelibeba jambo hili peke yake mwaka mzima na sasa walikuwa wawili.

Kilio kikapungua. Faraji akasogeza birika upande wa mkewe.

"Rudia," akasema.

Munira akajimiminia nyingine, akainua mabega.